Uso wa Nne

Karani wa ofisi ya vitambulisho alimsikiliza Fundi mpaka mwisho, akampa pole, kisha akamwambia kwamba nakala ya picha ya Mzee haitoki mpaka mwenyewe afike na kidole chake. Fundi akaeleza tena, taratibu, kwamba mwenyewe ndiye aliyepotea. Karani akasema amemwelewa vizuri, ila utaratibu ni utaratibu, na hata angepotea yeye karani ingebidi aje mwenyewe. Watu wa nyuma kwenye foleni wakacheka. Fundi naye akacheka nao, maana mwenye shida hucheka na wenye raha asije akaambiwa mkorofi, akatoka nje jasho likimtiririka mgongoni.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Mzee, baba yake, alikuwa na miaka sabini na minane na kumbukumbu zake zilikuwa zinakwenda na kurudi. Asubuhi moja alivaa koti, akatia kitambulisho mfukoni, akamwambia mkamwana wake kwamba anakwenda kumnunulia sindano za cherehani. Hakuna aliyemtuma sindano. Vidonge vyake vya presha vilibaki juu ya kabati, na daktari wa zahanati hakuwaficha kitu: wiki nzima bila dawa, kwa mtu kama yule, tena juani, wasitegemee kumpata mzima. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Polisi nao walitaka picha ya karibuni, na hapo ndipo aibu ilipoanza. Enzi zake Mzee ndiye aliyekuwa na kamera. Harusi zote, mahafali yote, watoto wote wachanga wa ukoo ule alipiga yeye, na kwa hiyo mwenyewe hakuwamo. Albamu tatu zilifunuliwa jani kwa jani. Kilichopatikana ni kivuli chake, mara mbili, kimelala kwenye majani mbele ya watu wanaotabasamu. Hata zilipokuja simu za kamera, ukimwelekezea alinyoosha mkono na kusema, lete nipige mimi, na watu wakampa.

Simu ya Fundi ilikuwa na picha elfu mbili. Askari wa zamu aliipokea akazipitia moja moja mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, na zote zilikuwa za nyaya, soketi na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Alipofika kwenye picha ya feni iliyoungua aliigeuza simu na kumuuliza Fundi kama huyo ndiye baba yake. Fundi alisema hapana, afande, kana kwamba ameulizwa swali la maana.

*

Dada Mkubwa aliwasili siku hiyo mchana kwa basi. Alikuwa mwalimu mkuu huko anakoishi, na jina la Dada Mkubwa lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mumewe alimwita hivyo. Alikuwa hajamwona baba yake kwa miaka mitatu, kazi zikiwa nyingi, na alipoingia aliuliza kwanza nani alikuwa nyumbani siku Mzee alipotoka. Mke wa Fundi akasema ni yeye. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa barazani, na Mzee alikuwa amepita ubavuni pake kabisa. Dada Mkubwa alikitazama tu kiti cha cherehani, kisha mlango, kisha kiti, kama anayepima hatua, na Mshonaji akainamisha kichwa.

Ni Dada Mkubwa aliyekumbuka video ya harusi ya binamu yao. Ndani yake, nyuma ya maharusi, Mzee anapita amebeba kiti kwa ajili ya bibi mmoja aliyesimama. Sekunde nne tu, na uso wake ukisimamishwa ni ukungu mtupu. Lakini Fundi alikuwa na programu ya kujenga nyuso. Wateja walimletea dukani picha za marehemu zilizoliwa na unyevu, naye akawarudishia macho na midomo. Angeweza kumrudisha na Mzee.

Tatizo lilikuwa umeme. Mtaani kwao ulikuwa wa mgao, saa tatu upo na saa tatu haupo, na kazi ile ingechukua saa nne na nusu. Programu yenyewe ikikatwa katikati huanza upya. Kadi ya picha iliyokuwa ndani ya kompyuta yake, yaani ile sehemu inayobeba hesabu zote za sura na rangi, aliinunua kwa mtu aliyefunga ukumbi wa michezo ya kompyuta. Bwana yule alikuwa ameipunguza mwendo makusudi isimle umeme.

Mwendo wa kadi umeandikwa kwenye chipu ndogo yenye miguu minane. Humo mna kasi yake, kiasi cha umeme inachoruhusiwa, na joto ambalo ikilifikia lazima ijizuie. Fundi aliifungua kadi mezani, akaibana ile chipu kwa kibanio, akayavuta maandishi yake yote kwenye kompyuta ndogo na kuanza kuyabadilisha. Hakuirudishia kasi yake ya kiwandani tu, aliipita. Akaongeza umeme. Ile namba ya joto akaisogeza mpaka mahali ambapo mtu mwenye akili zake hasogezi, kisha akayaandika upya maandishi ndani ya chipu. Alishawahi kufanya hivyo mara mbili maishani. Mara moja ilifaa, mara moja kadi ilikufa palepale. Dada Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba begani, na Fundi hakumwambia habari ya ile iliyokufa.

Kadi ikawaka. Feni ikalia kwa sauti nyembamba, ndefu, isiyopumua, na Mshonaji kule barazani akasimamisha cherehani ili aisikilize.

*

Uso wa kwanza ulitoka jioni, kabla jua halijazama. Ulikuwa wa mzee kweli, paji la uso la Mzee, masikio ya Mzee, ila pale pa mdomo palikuwa na ngozi tu, laini, imeendelea mpaka kidevuni. Fundi akaufunga haraka watoto wasije wakauona.

Alfajiri ya siku ya nne akarudia. Hakubadilisha kitu, video ileile, maagizo yaleyale. Ukatoka uso wa mtu mwingine. Mdomo ulikuwepo, lakini ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini, na shavu moja lilikuwa la kike. Fundi alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa fundi wa miaka kumi na tano, alijua maana ya kile anachokiona. Kadi iliyo nzima, ukiiuliza swali moja mara mia, itakupa jibu moja mara mia. Hii ilikuwa inakosea hesabu kwa joto na mbio, na palipokosewa palizaliwa mtu. Angeweza kuipunguza, lakini akiipunguza kazi isingeisha kabla umeme haujakatwa, na siku zilikuwa zinakwenda. Akabonyeza tena.

Wa tatu ulikuwa Mzee mwenyewe, hapakuwa na ubishi, ila macho yalikuwa yamefumbwa na taya limefungwa vizuri, kama mtu aliyekwishaoshwa. Dada Mkubwa akamwambia afute, upesi, na Fundi akafuta. Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Nje palikuwa na jua kali, watu wanapita, muuza maji anaita, na hao wawili wameketi wakingoja nani atatoka tena.

Wa nne alitoka saa kumi alasiri. Alikuwa mzee mzuri, mashavu yamejaa, mtulivu, anatazama mbele moja kwa moja. Dada Mkubwa aliweka mkono mdomoni. Akasema, "Baba," akaanza kulia, na Fundi akamwita mkewe aje aone.

Mshonaji aliingia na futi ya kupimia shingoni. Alitazama, akasogea, akatazama tena.

"Siye," alisema.

"Wifi, mimi nimezaliwa na huyu mtu."

"Najua, wifi. Lakini mimi ndiye ninayemnyoa." Hakuinua sauti. "Huyu amejaa. Baba siku hizi amekonda, shavu hili limeingia ndani, hana magego huku. Halafu kwenye video anatazama chini, anakitazama kiti. Haya macho yametoka wapi?"

Dada Mkubwa akasema kwamba baba yake hajawahi kuwa mtu wa kukonda, na kama amekonda basi yako maswali mengine ya kuuliza, kuhusu chakula na wanaokipika. Mshonaji akamgeukia mumewe, maana swali la macho lilikuwa swali la fundi, na fundi alikuwa palepale. Fundi alijua jibu lake. Lakini alikuwa amechoka kuwa mtoto aliyempoteza baba, dada yake alikuwa analia kwa faraja kwa mara ya kwanza, na yeye mwenyewe, kusema kweli, alitamani sana yule mzee wa kwenye kioo awe ndiye. Akasema kompyuta ina namna zake. Mshonaji akarudi kwenye cherehani yake.

*

Dada Mkubwa alichapisha karatasi mia mbili. Kabla ya giza zilikuwa zimebandikwa stendi, sokoni, kwenye nguzo za umeme, hospitalini na kwenye geti lao wenyewe. AMEPOTEA, ziliandikwa, ANAHITAJI DAWA, WANAWE WANAMTAFUTA, na chini namba ya Fundi.

Simu zilianza siku ya tano asubuhi, na zilikuwa nyingi mno. Kila mtu alikuwa amemwona. Alionekana saa nne kamili stendi akinunua karanga, alionekana saa nne kamili upande wa pili wa mji akivuka daraja, na saa nne hiyohiyo abiria mmoja aliyekuwa safarini, mbali kabisa, aliapa kwamba amekaa naye kiti kimoja na hivi sasa amesinzia begani kwake. Hawakuwa waongo. Walikuwa watu wazuri, wengine walitumia salio lao la mwisho. Fundi aliandika kila mahali, akakimbia hapa na pale, akakuta watu wanaoonyesha kidole mahali patupu na kusema alikuwa hapa sasa hivi.

Mchana mwanamke mmoja alipiga simu. Hakusema amemwona. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishalia, nani amewapa picha ya mume wake, kwa sababu mume wake alimzika mwaka juzi na hakuwahi kupiga picha akiwa amevaa vile. Fundi akamwomba radhi, akasema amefananisha. Mwanamke akasema mtu hafananishi macho aliyoishi nayo miaka arobaini, na akamwomba kama inawezekana amwekee karatasi moja.

Baadaye kijana wa bodaboda alisimama getini amempakia mzee. Na mzee yule, jamani, alikuwa ndiye. Mashavu, utulivu, macho ya kutazama mbele, vyote. Dada Mkubwa alitoka mbio mikono imefunguka. Mzee akashuka, akamkwepa kwa adabu, akasema yeye ni mhasibu mstaafu, anaishi kwake, ana watoto wake, na tangu asubuhi hii ni mara ya tatu watu wanamkamata. Kisha akaona karatasi getini. Aliisogelea, akaisoma, akauliza wameipata wapi sura yake. Aliondoka kwa miguu akigeuka nyuma mara kwa mara, na Dada Mkubwa akabaki amesimama na mikono yake.

Kuanzia hapo binti wa Fundi, wa miaka saba, hakutaka tena kupita getini peke yake. Mama yake alipomuuliza, alisema huyo wa kwenye karatasi hajapotea, anawaangalia wao. Mshonaji aliibandua karatasi, akaikunja, akamfuata mumewe chumbani.

"Baba watoto, nataka uniambie ukweli. Huyu ni nani?"

Fundi akamwambia. Alimweleza chipu, kasi, joto, nyuso nne kutoka kwenye swali moja, na kwamba aliujua uongo wake tangu uso wa pili. Alisema huyu si mtu, ni makosa ya hesabu yaliyokaa vizuri. Alitegemea mkewe atamfokea, na angefurahi kufokewa.

"Sasa mtu akikutana na Baba," aliuliza Mshonaji, "atamlinganisha na nini?"

*

Siku ya sita walizunguka wao wawili wakibandua walichobandika. Watu waliwatazama, wengine wakawapongeza wakidhani Mzee amepatikana, nao wakaitikia ahsante, kwani kueleza kulikuwa kurefu. Saa sita za mchana wakafika geti la hospitali. Mahali pa karatasi yao palikuwa na gundi tu.

Mlinzi aliwapokea vizuri, akauliza kama wamempata mzee wao. Wakasema bado. Akasikitika, akasema watu wanapotea kweli siku hizi, hata hapa pake juzi na jana palikuwa na kizee kimoja, kimekonda, kimekaa siku mbili kwenye lile benchi. Walimpa chai.

"Alikuwa amevaa koti?" aliuliza Mshonaji.

"Koti, ndiyo. La kahawia. Lina kifungo kimeshonwa na uzi mwekundu."

Mshonaji alishika nguzo ya geti. Uzi wa kahawia ulikuwa umemwishia siku ile, na Mzee alisema mwekundu utapendeza.

Mlinzi aliona nyuso zao zikibadilika, akaanza kujitetea. Alisema hakufanya uzembe. Alimsimamisha mzee yule kando ya karatasi, akamlinganisha mwenyewe, tena akamwita na muuguzi aje amlinganishe, na wote wawili waliona si yeye hata kidogo. Wangempataje na picha inasema vingine? Mzee mwenyewe alisoma tangazo mara nyingi sana. Kila akimaliza aliuliza huyu ni nani, nao wakamwambia ni mzee wa watu amepotea, wanawe wanamtafuta. Jana alisikitika mpaka akatokwa na machozi. Akasema mtu mwenye watoto wema namna hii haifai apotee.

"Akaomba ile karatasi," alisema mlinzi. "Alisema yeye hana kazi, ana nafasi. Akaenda kumtafuta."

Fundi alikaa kwenye benchi, pale pale baba yake alipokaa, akalia mbele ya wagonjwa na watu wenye vikapu. Mkewe alimwacha alie. Kisha wakatafuta mpaka jua lilipotua, kila kichochoro cha upande ule, wakiuliza habari za kizee kilichoshika karatasi, na wengi walikuwa wamekiona. Kilikuwa kimewauliza, kwa adabu sana, kama wamemwona mzee huyu.

*

Siku ya saba simu iliita saa tatu asubuhi. Fundi alikuwa barazani anafunga viatu, Dada Mkubwa amekaa sakafuni na kanga begani, hana tena sauti ya mwalimu mkuu. Namba ilikuwa ngeni kama zote.

"Habari za hapo," ilisema sauti. "Samahani kwa usumbufu, nimeazima simu ya kijana hapa. Ni kuhusu yule mzee wenu."

Fundi alisimama, kiatu kimoja mguuni. "Baba."

"Ndiyo, huyo baba yenu. Bado sijampata. Nimetafuta stendi, nimetafuta sokoni, miguu imeanza kuvimba kidogo. Nimeona niwapigie, msikate tamaa."

"Baba, ni mimi. Ni mwanao."

Sauti ikaingia woga. "Hapana, bwana, umekosea. Mimi hakuna anayenitafuta. Anayetafutwa ni huyu wa kwenye picha."

Dada Mkubwa alikuwa ameisikia sauti. Alitambaa kwa magoti akinyoosha mkono, akiita baba, baba, na upande wa pili mzee akaanza kusema basi, kwaheri, amrudishie kijana simu yake. Mshonaji akaichukua simu mkononi mwa mumewe, akawapa wote wawili mgongo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti."

"Ahsante sana kwa kutusaidia. Hata mimi namtafuta huyohuyo, na peke yangu siwezi. Uko wapi hivi sasa?"

Mzee alieleza vizuri tu. Kuna mizani ya malori, kuna tangi la maji, na yeye amekaa kwenye kivuli cha tangi. Mshonaji akamwambia asiondoke hapo, anakuja wamtafute wote, macho manne ni bora kuliko mawili. Mzee akacheka kidogo, akasema hayo ndiyo maneno, ila afanye haraka, kwa maana mzee wa watu yuko juani bila dawa. Mshonaji akaomba aongee na mwenye simu, akamsihi kijana amshikilie mgeni wake kwa maji ya kunywa na mazungumzo. Alipomaliza alikuwa ameshavaa viatu, chupa ya maji na dawa zikiwa mkobani.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, tayari.

"Wewe baki," mkewe alimwambia. "Ukifika utamwita Baba, na ataogopa, ataondoka."

Alifungua geti akaenda, na Fundi akabaki.